Bibi anasema "nilivumilia tu". Nitaandikaje maisha yake?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 26, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Bibi yangu mzaa mama anakaribia miaka 80. Babu alikuwa mfanyakazi wa mkonge; kazi zilipokuwa ngumu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliondoka kwenda kutafuta maisha na hakurudi. Bibi akabaki na watoto sita, akawasomesha wote kwa kuuza vitumbua. Mtaani anaheshimika sana, hata wasichana ndoa zikiwaelemea huletwa kwake wapewe maneno. Nataka kuandika habari zake angali hai. Lakini kila nikimuuliza ananijibu: "Mie si mtu wa kuandikwa, mwanangu. Nilivumilia tu." Nimekuambatishia kurasa mbili nilizoandika. Nikizisoma mwenyewe naona sifa tupu, kama risala ya harusi. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba mwanangu.

Kurasa zako nimezisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. "Mwanamke wa shoka" nimeikuta mara tatu, "nguzo ya familia" mara mbili, "hakukata tamaa" niliacha kuhesabu. Bei ya kitumbua haimo. Saa ya kuamka haimo. Ngamiani barabara zake zina namba, na hukuniambia bibi alikaangia barabara ya ngapi. Umemwandika bibi wa kila mtu, na kwa kuwa umeliona mwenyewe sina haja ya kukuchapa zaidi.

Nimewasikiliza kina mama wa mkoa huu kwa miaka mingi, kwanza kwa kaseti, siku hizi kwa simu, na hilo neno la bibi yako nimelikuta karibu kila mkeka niliokaribishwa. Zamani lilinivunja moyo kama linavyokuvunja wewe. Sasa nikilisikia najua nimefika penye chungu, maana hicho ni kifuniko. Rika la bibi yako lilifunzwa na kina somo na makungwi kwamba ya ndani ni ya ndani, na kinachochemka hakimhusu mpita njia. Usigombane na kifuniko. Habari za moyo wake ziache kwanza, muulize habari za jiko.

Nikupe mfano. Katika kijiji kimoja cha pwani ya Mkinga nilimfuata mama anayelima mwani. Nikamuuliza swali la kijinga: mama, uliwezaje maisha ya baharini miaka yote hii? Akanijibu vilevile, nilivumilia. Tukakaa kimya. Pembeni palikuwa na rundo la kamba na vile vikamba vidogo wanavyoviita taitai, nikauliza ili tu nisionekane bubu: hizi mnafunga ngapi kwa siku? Mwanangu, betri ya kinasa sauti ilikwisha yeye akiwa bado katikati. Alinieleza jinsi maisha yake yote yanavyofuata bamvua, yale maji yanayokupwa mbali mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu ni hapo tu shamba hutoka nje na mtu akaweza kulifikia kwa miguu. Harusi ya binti yake ilipangwa iangukie siku za maji mafu. Alinieleza alivyopata mwani wa kottonii wenye bei nzuri, ukaja ukapauka na kukatikia majini bahari ilipozidi joto, akarudi kwenye spinosamu ya bei ndogo inayostahimili. Mbegu kidogo ya kottonii hakuitupa. Aliipeleka kwenye maji ya kina zaidi, ajaribu. Alinifundisha kuhesabu wiki sita za kuvuna. Katika maelezo yote hayo hakulitaja tena lile neno la kuvumilia. Alikuwa anaeleza kazi yake, na kazi yake anaijua.

Kwa bibi yako, basi, anza na mchele. Usimuulize maisha yalikuwaje. Hata mimi ukiniuliza yangu yalikuwaje nitakuchekea tu. Muulize mchele aliuroweka saa ngapi. Alisaga mashine au alitwanga? Kama alitwanga, kinu kilikuwa chake au cha kuazima, na mchi wa pili alishika nani? Alikuna nazi ngapi? Hamira ilipoadimika aliumulia nini? (Hapo utawaona baadhi ya bibi wanashusha sauti kabla ya kukwambia kwamba tembo la mnazi lilikuwa likiumulia vitumbua vizuri kuliko hamira yoyote ya dukani. Shusha sauti na wewe, uandike.) Chuma chake kilikuwa na mashimo mangapi, alikipata wapi, na aligeuzia nini? Mji wetu huu ni wa baiskeli, na vitumbua vingi vya Tanga nilivyokula mimi viligeuzwa kwa spoku.

Ukishapata mapishi, ingia kwenye hesabu, taratibu. Pishi ni vibaba vinne, hilo atakwambia bila kufikiri. Sasa, kibaba kimoja kilitoa vitumbua vingapi? Asubuhi moja aliuza vingapi, na vilivyobaki nani alivila? Halafu swali ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote, na ambalo sijawahi kulikuta kwenye risala yoyote ya Siku ya Wanawake: mtaji wa kesho aliuficha wapi ili usiliwe leo? Mwanamke mwenye watoto sita na njaa sita, kila jioni anashika fedha inayoweza kuwa mboga ya usiku huu au mchele wa kesho, si vyote viwili. Aliamuaje? Wengine wamenionyesha pindo la kanga. Mmoja alikuwa akipita kununua mchele wa kesho njiani, kabla hajafika nyumbani, kwa sababu mchele mbichi watoto hawaombi. Mama mwingine wa Makorora, ambaye hakusoma, aliandika madeni ya wateja kwa mistari ya mkaa nyuma ya mlango, mrefu kwa aliyekopa, mkato juu yake kwa aliyelipa. Siku mwanawe alipopata kazi akampakia mama yake rangi nyumba nzima, milango pia, kwa nia njema kabisa. Madeni ya mtaa mzima yakafutika. Alicheka aliponisimulia, lakini kwa upande mmoja wa mdomo.

Miaka usimuulize kwa namba. Atakupa yoyote ili akuridhishe. Mpe vigingi vya kufungia kamba yake. Kama anakaribia 80, Uhuru wa 1961 ulimkuta msichana wa miaka 15 hivi: alikuwa ameshawekwa ndani kama mwari? Aliolewa kabla ya Azimio la Arusha la 1967 au baada? Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, alikuwa na mtoto gani mgongoni? Nyerere alipofariki Oktoba 1999 alikuwa bado anakaanga? Ukimfungia miaka kwenye watoto wake, kumbukumbu itanyooka yenyewe.

Na habari za babu zijue pia, ingawa simtetei. Wewe umeandika "kazi zilipokuwa ngumu" ukapita. Jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko nyumba yenu. Mkonge uliingia mkoa huu mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka hiyo 62, kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Bila shaka babu yako alioa akiwa mtu wa maana, mwenye mshahara wa mwezi. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ya dunia ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na mengi yakaingia msituni, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 zao zima la nchi likawa kama tani 20,000. Wanaume maelfu walibaki na mapanga yasiyo na cha kukata. Muulize bibi: mshahara ulianza kuchelewa lini? Kitumbua cha kwanza kukiuza, babu alikuwa bado yupo au ameshaondoka? Majibu mawili hayo hutoa hadithi mbili tofauti kabisa. Nina hakika kama ya kuwekea dau kwamba alianza babu akiwa bado yupo. Wengi walianza hivyo, kimyakimya, wakisema ni "vya kujishughulisha tu," ili mwenye nyumba asione haya.

Sasa nikae kidogo kwenye mwaka mmoja, 1983, kwa sababu nadhani kifuniko cha bibi yako kimewekwa hapo.

Fikiria mahitaji ya muuza vitumbua: mchele, sukari, mafuta, na nazi. Nazi ipo, hii ni Tanga. Lakini vile vitatu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, vilikuwa vya foleni. Sukari iligawiwa kwa kilo, sabuni ilikuwa kama sherehe, nafaka iko mikononi mwa Shirika la Usagishaji, na bidhaa zinapitia maduka ya RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, ambako mtu aliacha jiwe kumshikia nafasi. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, ukafunguliwa Novemba 1983. Na bado kila asubuhi vitumbua vilikuwepo barazani, vyenye sukari, vimekaangwa kwenye mafuta. Vilitoka wapi?

Mafuta huenda alipika mwenyewe: nazi zikakunwa, tui likakamuliwa na kuchemshwa mpaka mafuta yakaelea. Ni kazi ya mkono na ya usiku, na hakuna sheria iliyoikataza. Sukari ni habari nyingine. Sukari yaweza kuwa ilitoka kwa mtu aliyeijua njia ya Vanga, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Na Machi mwaka huo 1983 ndipo ulipoanza msako wa wahujumu uchumi. Watu waliogopa hata marobota yao wenyewe, wengine wakatupa bidhaa usiku zisikutwe ndani. Mwaka huohuo ikaja sheria ya Nguvu Kazi, ya kuwaondoa mijini watu wasio na kazi inayotambulika. Mwanamke asiye na mume nyumbani, mwenye sinia la vitumbua na asiye na kitambulisho cha kazi, alikuwa nani mbele ya sheria hiyo? Angeweza kuitwa mzururaji. Wewe leo unamwita mjasiriamali, neno ambalo siku zile halikuwepo midomoni mwa watu.

Kwa hiyo anaposema "nilivumilia tu," huenda anakulinda wewe na yeye kutokana na polisi wa miaka arobaini iliyopita. Wapo mabibi waliokataa kuniambia sukari ilitoka wapi mpaka nilipowahakikishia kwamba hakuna atakayewafuata, na hata hapo walitazama mlangoni kwanza. Usiruke kwenye swali hilo siku ya kwanza. Uliza foleni: ilianza saa ngapi, nani alimshikia nafasi, walisimama na watoto au waliwaacha na nani. Ya magendo yatakuja yenyewe yakitaka, na yakija usishtuke wala usifurahi kupita kiasi.

Kuna jambo jingine la mwaka huohuo ambalo bibi yako huenda hakulisikia, nawe ni vizuri ulijue unapomwandika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ndoa ilikuwa imevunjika, swali likawa kama kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea, zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa kwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama ikasema ndiyo, zinahesabika. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe akazitumia vibaya, lakini hukumu yake imewafaa wanawake wengi waliofika mahakamani baada yake. Nakutajia hili kwa sababu moja. Majaji walipotaka kujua mchango wa mwanamke iliwabidi waulize alifanya nini, na wewe fanya hivyohivyo. Sifa hazigawanyiki mahakamani, wala kwenye ukurasa hazikai.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Bibi peke yake hatakupa yote, tena mengine kwa kweli ameyasahau. Kata zipo: shoga yake aliyekaa naye baraza moja, mwenye duka aliyemkopesha mchele, na zaidi ya wote mama yako. Watoto wa wauza vitumbua ndio waliokuwa wakitembeza sinia. Mama yako alitembeza? Alipita barabara zipi, alipiga kelele gani ya kunadia, alichelewa shule mara ngapi? Nakuonya kwamba hapo unaweza kukuta uchungu ambao hukuutarajia. Nimewahi kukaa na binti mkubwa wa mwanamke anayesifiwa mtaa mzima, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama aliwasomesha wote, na mimi nilikuwa ada yao." Yeye ndiye aliyeachishwa shule akakae jikoni. Kama lipo la namna hiyo kwenu, liandike. Halimpunguzii bibi kitu. Mtu akiwa na chuma kimoja na watoto sita, nguvu zake hutoka mahali, na mara nyingi hutoka mgongoni mwa mtoto wa kike wa kwanza.

Muulize mchezo. Hapa ndipo watu wengi huteleza, wanaandika kana kwamba mwanamke alisimama peke yake jangwani. Wanawake kumi wanatoa kiasi sawa kila wiki, mmoja anabeba zote, zamu inazunguka. Unaujua, labda na wewe umo kwenye mmoja. Lakini wa kwake ulikuwaje? Kijumbe, yule mkusanyaji wa fedha, alikuwa nani, na alipewa nini kwa kazi ile? Bibi alikuwa akiomba zamu ya ngapi? Ada ya shule za msingi ilirudi miaka ya 1980, ikafutwa tena mwaka 2001, na ya sekondari mpaka kidato cha nne ikafutwa kuanzia 2016, watoto wa bibi yako wakiwa wameshakuwa watu wazima. Maana yake alilipa kipindi chote kigumu. Kila mwanzo wa mwaka kulikuwa na mwanamke aliyembadilishia zamu ili ada ipatikane, na mwanamke huyo ana jina. Muulize pia mtu aliyekimbia na zamu. Yupo siku zote.

Ukishazungumza naye mara tatu au nne, na si kabla, muulize: "Bibi, ulikataa nini?"

Swali hilo nililipata kwa bahati, kwa mama mmoja aliyechoka na maswali yangu ya "ulivumiliaje." Akanikatiza: "Mbona huniulizi niliyoyakataa?" Nikajiona mjinga. Maana mtu aliyevumilia kila kitu hasomeshi watoto sita. Lazima kuna mahali alisimama. Labda alikataa posa ya pili ya mwanamume aliyetaka watoto wapelekwe kwa ndugu. Labda alikataa kuuza kwa mkopo kwa mjumbe. Labda mtu alikuja kumchukua binti yake wa darasa la sita aolewe, akamwambia arudi akimaliza, naye alijua hatarudi. Hapo utaona tofauti kati ya mvumilivu na mtu anayechagua la kuvumilia.

Na hapo pia ndipo ninapokuwa na wasiwasi na kitu ulichokiandika kwa kupita, kwamba wasichana wenye misukosuko ya ndoa huletwa kwake "wapewe maneno." Nani anawaleta? Na anawaambia nini hasa? Mimi nimeona jina la mwanamke hodari likitumiwa kama kamba ya kumfungia mwingine: mtazame bibi fulani, mbona yeye alivumilia, wewe makofi mawili tu unarudi kwenu. Hivyo sifa za mwanamke mmoja zinakuwa mzigo kwa wa pili. Huenda bibi yako hasemi hivyo kabisa. Nahisi sana kwamba wanaomleta msichana wanadhani ataambiwa avumilie, na wakishawaacha wawili peke yao, bibi anamuuliza: una akiba kiasi gani? Omba ruhusa ukae siku moja karibu. Ikishindikana, muulize tu, "Bibi, yule wa juzi ulimwambiaje?" Jibu hilo litafute kwa bidii kuliko mapishi.

Kuhusu kusema yeye si mtu wa kuandikwa, msimulie habari za Siti binti Saad. Kama mwimbaji wa taarab anamjua, watu wa umri wake wote wanamjua. Kisha mkumbushe kwamba kabla ya hapo alikuwa muuza vyungu. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watumwa, akitembea na vyungu kichwani kwenda mjini, mpaka sauti ile ya kunadia ikampeleka Bombay kurekodi mwaka 1928. Na aliyeketi kuandika maisha yake karibu na kifo chake cha 1950 alikuwa Shaaban Robert, mtoto wa Machui, hapahapa Tanga. Kama mshairi mkubwa kuliko wote tuliopata alimpa muuza vyungu wino wake, wewe na simu yako hamtamshusha hadhi muuza vitumbua. Mzee wetu naye, kwa heshima zote, alikuwa mwingi wa sifa. Mimi katika habari zile za Siti ninachokiona kila mara ni vyungu.

Yapo atakayoyasema na hayataandikwa. Babu huenda ana nyumba nyingine huko alikokwenda, na wajomba zako wanajua au hawajui. Kuna talaka iliyotolewa au isiyotolewa, na kwa mwanamke wa Kiislamu aliyeachwa bila neno hilo si jambo dogo: miaka mingapi alikuwa si mke wala si mtalaka? Akikwambia zima, zima, tena aone ukizima. Majina ya waliokimbia na mchezo badilisha, wajukuu zao ndio majirani zako.

Mengineyo ni madogo. Nenda baada ya alasiri, si asubuhi. Mpe kitu cha kushika, mchele wa kuchagua au miyaa ya kusuka ukili. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hulegea. Zima feni, maana kwenye simu feni inanguruma kama lori. Weka simu kwenye hali ya ndege na iwe juu ya kitambaa, si juu ya sinia. Saa moja inatosha kwa siku. Mwanzoni taja tarehe na mahali kwa sauti. Nakala moja mpe ndugu anayekaa mbali, kwa sababu simu huibwa. Na unapoandika, "mie" yake iache iwe "mie", "weye" iwe "weye". Ukimsafisha mpaka asikike kama msoma taarifa ya habari, utakuwa umeandika mtu mwingine.

Kurasa zako mbili usizitupe, zifunge bahasha uzisome baada ya mwaka. Jumamosi hii usiende na daftari kabisa. Nenda na kilo ya mchele na nazi mbili, umwambie unataka kujifunza vitumbua, kwamba vya dukani havikai mdomoni. Kosea makusudi, tia tui nyingi. Akishakunyang'anya mwiko, omba ruhusa uweke simu pembeni.

Na ukishaandika sura ya kwanza, kaa naye umsomee kwa sauti, polepole. Akinyamaza au akilia, hujapata bado. Akikukatiza kwa ukali kwamba hapana, mwaka ule kilikuwa kibaba na nusu, tena mchele wenyewe wa mgao wenye mawe, na aliyemshikia foleni si Mwanahawa bali dada yake, washa simu tena.